Mbio za timu kuzunguka Dodoma: muda wetu ulipotea tukiwa tumesimama

Mkuu mleta uzi, umesema mko wanne ofisini, mmejiandikisha mbio za timu za kusaka vituo hapa jijini, na unauliza mambo matatu: mfanye mazoezi kiasi gani, mvae viatu gani, na kama ni busara kumbadilisha yule mama wa masjala kwa sababu "ni mzito". Nimepitia majibu ya wadau na wengi wanakupa ratiba ya kukimbia kilomita tano kila alfajiri. Kimbieni, haina ubaya. Ila mimi nilishiriki mbio za namna hiyo Septemba mwaka juzi, na miguu yetu haikutuangusha hata mara moja. Kilichotuangusha ni kusimama. Vuta kiti nikueleze.

Timu yetu ilikuwa mimi, shemeji yangu, mdogo wangu wa mwisho ambaye hapa nitamwita Dogo, na jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaribia kustaafu. Mwalimu tulimchukua dakika za mwisho, baada ya kijana mmoja mwenye pumzi za farasi kupata safari ya kikazi. Shemeji alinuna siku mbili.

Masharti nadhani yatafanana na yenu. Mnaanzia Nyerere Square saa 1 asubuhi, mnapewa bahasha ya mafumbo, kila fumbo ni kituo. Mnatembea au mnapanda daladala. Bodaboda, bajaji na gari la mtu ni marufuku. Kila kituo mnapiga picha mkiwa wote wanne, na vingine vina kazi ya kufanya kwanza. Saa 7 mchana muwe mmerudi, mkichelewa mnakatwa alama kwa kila dakika. Vituo vilikuwa 14, na waandaaji walisema wazi kwamba hakuna timu itakayovimaliza vyote. Hilo la mwisho lishike, maana nusu ya timu hazikulisikia.

Kazi ya kwanza tulipewa pale pale, miguuni mwa sanamu ya Mwalimu Nyerere. Sanduku lenye kufuli la tarakimu nne, na karatasi imeandikwa: "Mwaka nilioambiwa nitakuwa makao makuu." Rahisi, sivyo? Dogo akasema 2018. Mimi nikasema 2016. Shemeji akatupigia kelele kwamba ni 1996, yeye alikuwepo. Mwalimu alikuwa anafunga kamba za viatu. Kwa kuwa Shemeji ndiye mwenye sauti, tukaweka 1996, kufuli likagoma. Tukaweka 2016, likagoma. Wenzetu wanaondoka. Mwalimu akainuka, akasema taratibu kama yuko darasani: "1996 Bunge lilihamia. 2016 serikali ilitangaza inahamia. 2018 tulipewa hadhi ya jiji. Kuambiwa tuliambiwa na TANU, 1973." Likafunguka. Hapo tulikuwa tumeshasimama dakika saba, na wote watatu tulikuwa na majibu sahihi ya maswali ambayo hatukuulizwa.

Ungedhani tumejifunza. Fumbo la tatu lilisema: "Nina jina la Spika, lakini kwangu hakuna anayeomba mwongozo. Nanuka vitunguu." Tulisoma mstari wa kwanza tu. Shemeji: "Ukumbi wa Msekwa! Bungeni!" Msekwa aliwahi kuwa Spika, basi tukageuka kuelekea Bungeni, Dogo kashatangulia. Tulikuwa tumekata kipande kizuri tu cha barabara ndipo Mwalimu akaomba karatasi asome mwenyewe, akauliza, "Shemeji, ukumbi wa Msekwa umeanza kunuka vitunguu lini?" Basi lilikuwa Soko la Job Ndugai, naye aliwahi kuwa Spika, kule Nzuguni. Tukacheka, tukarudi. Na nikuonye hapo hapo: hata kama fumbo linawapeleka karibu na Bunge au jengo lolote lenye askari getini, msianze kunyoosha simu na kupiga picha ovyo. Muulizeni askari kwanza. Akikataa, mwambieni asante na mwende zenu. Timu moja ilikaa ikijieleza getini karibu nusu saa.

Sasa Nzuguni si karibu. Ni barabara ya kwenda Dar, huko ilikohamishiwa stendi kuu ya mabasi, na mchana wa Septemba hakuna mtu mwenye akili atakayetembea kutoka katikati ya mji mpaka huko. Hapa ndipo palipotakiwa kukaa chini kidogo tukahesabu, na kusema kweli ndipo tulipofanya jambo moja la maana siku ile. Mafumbo yaliyobaki yalikuwa na vituo vitatu vya mbali: soko, stendi kuu, na Chimwaga, ukumbi wa zamani wa mikutano wa CCM. (Fumbo la Chimwaga lilinifurahisha: "Chama kilinijenga kwa mikutano, wasomi wakanirithi." Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilipoanzishwa 2007 kilianzia maeneo hayo.) Soko la Ndugai na stendi viko jirani. Chimwaga kiko peke yake ndani ya chuo, na chuo chenyewe ni kikubwa kuliko wilaya za watu. Ukishushwa kituo kisicho chako utakula lami mpaka ujute. Nauli ya kwenda Nzuguni mara moja inakupa vituo viwili, ya Chimwaga inakupa kimoja. Tukaiacha Chimwaga. Iliuma, maana Dogo kasoma pale na alitaka kujionyesha, lakini tuliiacha.

Tulichokosea ni daladala ya kurudi. Tulipanda ya kwanza tuliyoiona kwa kuwa ilikuwa tupu na tulitaka kukaa. Ilikuwa tupu kwa sababu ndiyo kwanza imefika. Konda anaita, dereva katoka kwenda kunywa chai, sisi tumekaa ndani jasho linatutoka, na mbele yetu ikapita iliyojaa, ikaondoka. Mwalimu alitaka tuhamie ile, tukamwambia "hii inaondoka sasa hivi mama". Dakika kumi na nne. Kwenye mbio hizi siti ni adui. Panda gari linalobanana, shikeni bomba, mfike.

Na pesa: mtu mmoja ndiye ashike hela ya nauli, ziwe za chenji, zihesabiwe usiku uliotangulia. Ukimpa konda noti ya elfu kumi asubuhi kwa watu wanne, utashuka na kuanza kumfukuzia chenji yako huku saa inakimbia.

Soko la Majengo ndilo nililolipenda zaidi, nitakuchosha nalo kidogo. Bahasha ilisema tumtafute mwenyeji yeyote sokoni atuambie jina la mji huu limetokana na neno gani la Kigogo, tuliandike. Tulipofika, timu ya vijana iliyotutangulia ilikuwa imemsimamia bibi mmoja anayeuza zabibu. "Bibi, Dodoma maana yake nini? Fasta bibi!" Hata salamu hawakutoa. Bibi akawatazama, akapanga upya mafungu yake, akasema, "Mimi mgeni hapa, natokea Kondoa." Wakaondoka mbio kutafuta mwingine.

Mwalimu akachuchumaa. "Mbukwenyi bibi," akamsalimia kwa Kigogo. Uso wa bibi ukafunguka. Sisi wengine tukafuata na shikamoo zetu. Mwalimu akauliza zabibu bei gani, akanunua fungu, tukaanza kula pale pale, halafu ndipo akaeleza shida yetu. Bibi akamwuliza, "Wewe Kigogo chako cha kuombea maji, kwenu wapi?" Mwalimu akasema Iringa, ni Mhehe. Mkuu, yule bibi alicheka mpaka khanga ikamtoka begani. Akasema basi hadithi hii ni yako. Watu wengi wanajua ile ya tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Bibi akatupa nyingine: Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakala nyama yote, wakachomeka mikia kwenye tope la bwawani. Wahehe walipokuja kudai, wakaonyeshwa mikia: ng'ombe wenu hawa hapa, idodomya, wamezama! "Mpaka leo mnadai," akamwambia Mwalimu, na akamwongezea kishada kimoja cha zabibu, fidia ya ng'ombe.

Dakika tisa tulikaa pale. Shemeji alikuwa anatikisa mguu kama mtu mwenye haja. Lakini tulipoinuka bibi akasema, "Wenzenu wote wanauliza mbuyu, wanakwenda kule, wanarudi. Siyo ule wa kule." Mbuyu ndio ulikuwa fumbo letu lililofuata, na tulikuwa hatujalifumbua bado! Akatuelekeza uchochoro wa kupita. Tuliukuta mbuyu kwa mwendo mfupi tu, hakuna timu nyingine, tukaupima unene kwa kukumbatiana mikono kama tulivyoelekezwa, picha, tukaondoka. Wale vijana wa "fasta" tulipishana nao wakitokea upande wa pili.

Kwa hiyo kuna kusimama na kusimama. Kule kwenye kufuli tulisimama tunabishana wenyewe kwa wenyewe. Kwa bibi tulisimama na mtu anayejua.

Picha. Lazima wote wanne muonekane, hivyo mtamwomba mpita njia. Tuliyemwomba stendi alikuwa mzee mkarimu sana, akapiga, akatushukuru utadhani sisi ndio tumemsaidia, tukakimbia. Jioni majaji wanaikuza: Shemeji hana kichwa. Shati lipo, mikono ipo, shingo ipo. Kituo kikafutwa, na tulikuwa tumekifuata mpaka Nzuguni. Angalieni picha kabla hamjampa mtu asante ya mwisho. Simu nazo, moja iwe ya picha tu, isirushe video mitandaoni. Ya Dogo ilizimika saa 4 kwa sababu hiyo.

Viatu. Wadau wamekushauri raba nyepesi za kukimbilia. Hapa kwetu, ukitoka kwenye lami tu, kuna mbigili na miiba ya migunga iliyokauka, na soli laini haiizuii. Mimi nilichomwa mara mbili kwenye njia ya mkato. Vaa raba yenye soli ngumu ambayo umeshaivaa miezi kadhaa. Mpya iache nyumbani. Shemeji alivaa mpya na ukucha wa dole gumba ulimtoka wiki iliyofuata. Maji kila mtu abebe yake. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi inayokudanganya uvae sweta, lakini ikifika saa 4 jua linachoma, upepo unakupuliza vumbi na kukukausha jasho, hujui hata kama unapungukiwa maji. Kofia na kitambaa cha kufunga puani vitawasaidia kuliko vidonge vya nguvu mlivyoshauriwa huko juu.

Nirudi kwenye hesabu. Mwalimu alikuwa na daftari, na kwa mazoea ya kazi aliandika saa kila tulipofika na kila tulipoondoka. Jioni tukakaa kujumlisha. Katika saa sita, tulikuwa tumesimama saa moja na dakika hamsini na mbili. Ukitoa zile kazi za vituoni na yule bibi, inabaki zaidi ya saa nzima ya kubishana, kusubiri, kutafuta chenji na kusoma fumbo lile lile mara ya tatu. Kama tungekimbia kila tulipotembea, nadhani tungeokoa dakika ishirini hivi. Tulimaliza vituo 10, kimoja kikafutwa, tukawa wa sita kati ya timu kumi na tisa. Walioshinda walikuwa wakimbiaji kweli, sitakudanganya. Lakini nyuma yetu zilikuwepo timu tatu za vijana wa mazoezini waliotupita mbio asubuhi nzima, tena wengine walitupita zaidi ya mara moja, maana yake nini?

Mazoezi ninayokushauri ni haya. Jumamosi moja kabla ya mashindano, wanne nyote mshuke stendi ya daladala ya Sabasaba, mwende mahali ambapo hamjawahi kufika kwa daladala mbili, mrudi kwa njia nyingine. Mtajuana humo humo. Nani anasoma karatasi mpaka mstari wa mwisho, nani ana ulimi wa kuongea na watu, nani akiona njaa anageuka simba. Asome mmoja kwa sauti, wengine wanyamaze mpaka amalize. Mkibishana zaidi ya dakika mbili, yule mliyemchagua mapema aamue, na akikosea asisemwe mpaka jioni. Sisi hilo la mwisho lilitushinda, na Shemeji bado anatajiwa vitunguu kila akija kula kwangu.

Mama wa masjala usimbadilishe. Mtu aliyekaa na mafaili ya watu miaka yote hiyo ndiye atakayeisoma karatasi mpaka mwisho. Kama magoti yanamsumbua, chagueni vituo vya karibu na mpande gari mara nyingi zaidi.

Tisheti na zawadi sijui wenu watatoa nini, sisi tulipata cheti. Ila kama ni Jumamosi na mkimaliza saa 7, msitawanyike, pandeni gari moja kwa moja mpaka mnadani Msalato mkale nyama choma. Sisi tulikaa kusubiri matokeo, tukafika jioni, tukakuta mbavu zimeisha.