Nilikunja jozi ya 9, meza nzima ikacheka

SWALI: Shikamoo shangazi. Klabuni kwetu huku Njiro, Arusha, tulicheza mashindano ya poka, watu 10, kiingilio 50,000 kila mmoja. Wa kwanza anapata 250,000, wa pili 150,000, wa tatu 100,000. Tukabaki wanne, chipu zetu karibu sawa. Jamaa mmoja akasukuma chipu zake zote kwa mkupuo. Nilikuwa na jozi ya 9, nikakunja, yaani nikaziacha karata zangu. Akafunua A na K, wakanicheka mpaka basi, eti jozi ilikuwa mbele. Nilikuwa mwoga?
– Mchekwa, Njiro

JIBU: Marahaba mwanangu. Waache wacheke, ila siku nyingine washike kalamu na karatasi.

Jozi ya 9 ilikuwa mbele, ni kweli. Dhidi ya A na K inashinda kama mara 55 kati ya 100. Mkicheza kwa chipu tupu, 55 inatosha kabisa. Lakini chipu hazinunui hata mbege. Kinacholipwa ni nafasi uliyomalizia.

Piga hesabu. Mko wanne, mko sawa, kwa hiyo fungu lako katika zile 500,000 ni 125,000. Ukifuata (ukaweka chipu zako zote kama yeye) ukashinda, unabaki na nusu ya chipu zote dhidi ya wawili wenye robo robo. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni nusu: 125,000. Ya kuwa wa pili ni theluthi moja: 50,000. Ya kuwa wa tatu ni sehemu moja ya sita: elfu 16 na ushee. Jumla kama 191,700. Umeona? Chipu zimeongezeka mara mbili, pesa haikufika hata 200,000. Ukishindwa, unarudi Njiro mikono mitupu.

Gawa 125,000 kwa 191,700 unapata 65 kwa mia. Hicho ndicho kiwango cha kushinda ulichohitaji. (Blaindi, zile chipu za lazima zinazowekwa kabla ya karata kugawiwa, nimeziweka pembeni; ukizihesabu kinashuka kidogo, lakini hakishuki hadi 55.)

Sasa usiniletee habari kwamba shangazi wa Moshi kasema jozi ya 9 ikunjwe siku zote. Mtazame anayesukuma. Kama ni yule wa kusukuma na karata zozote, hata 7 na 2, jozi yako inashinda takriban mara 72 kati ya 100, na hapo ungemfuata bila kusita. Kama husukuma na A-K, A-Q na jozi kubwa tu, kunja. Na kama pale mezani kuna mtu aliyebaki na blaindi mbili tu, kunja zaidi: huyo anaelekea mlangoni, mngoje atoke.

Mkibaki wawili mambo hubadilika. 150,000 mmeshajihakikishia nyote, hivyo hesabu inarudi kwenye chipu. Tuseme blaindi ni chipu 500 na 1,000, mwenzako kasukuma 10,000, wewe umeshaweka 1,000. Unaongeza 9,000 kugombea 20,000, unahitaji 45 kwa mia. K na J zinatosha kufuata hata ukijua ana jozi ya 5.

Halafu muulize huyo jamaa: ungemtangulia wewe kusukuma, angekufuata na A-K yake? Dhidi ya jozi yoyote ndogo kuliko K haifiki 65. Naye angekunja.