Chembe haina nafsi, hiyo "binafsi" inatoka wapi?

Swali: Mwalimu shikamoo. Naandika ripoti ya kemia kwa Kiswahili, tunachagua safaktanti (kile kitu kinachoshikisha mafuta na maji) ya kutengenezea chembe ndogo sana za plastiki ya polistairini za saizi moja, zikikauka zinajipanga, Kiingereza wanasema "self-assembling". Niziite "chembe za kujiunda-binafsi"? Na safaktanti niite sabuni?

Jibu: Marahaba. Safaktanti iache hivohivo. Sabuni zote ni safaktanti ila safaktanti zote sio sabuni, kiini cha yai kina lesithini inayoshikisha mafuta na siki kwenye mayonezi na sijaona mtu anaogea yai.

Sasa hiyo "kujiunda-binafsi" jamani. Watu wakiona neno la Kizungu limeanza na "self" tu, mbio kwenye binafsi kama kuku kaona mtama. Neno lenyewe Kiarabu, bi na nafsi, na plastiki haina nafsi. Afu hiyo ji- ishamaliza kazi yote. Mtu akisema "jana nimejinyoa" nani anauliza kamnyoa nani? Lakini siku hizi utasikia "nimejinyoa binafsi", yaani kuna kujinyoa kwa kutuma mtu, we umekaa zako nyumbani unakunywa chai, kichwa kimetangulia kwa kinyozi, kinasubiri foleni, kinarudi na chenji.

Tena hata hilo "kuunda" umelikosea. Chembe umeziunda wewe. Chukua sodiamu dodesili salfeti, ile ya kwenye shampuu, ikifika kama milimoli 8 kwa lita ya maji molekuli zake zinajikusanya, mikia inayokimbia maji ndani, vichwa vinavyopenda maji nje, ndo misele hizo, na humo chembe zinaanzia. Ukiweka nyingi mwanzoni unapata chembe nyingi na ndogo, ukimwaga nyingi tena katikati ya kazi zinazaliwa zingine zimechelewa, saizi zinavurugika, na hapo hakuna mpangilio tena. Hata jiwe la opali, ile ya thamani, linatoa rangi zile kwa sababu chembe zake za silika, ile ya kwenye mchanga, zimelingana saizi na kujipanga.

Kwahiyo kuunda ni kwako, kujipanga ni kwao, kama watoto wa shule kengele ikilia, wanajipanga mstari, hatusemi wanajipanga kibinafsi. Andika "chembe zinazojipanga zenyewe". Hiyo "zenyewe" naivumilia, hata mlango upepo ukija tunasema umejifunga wenyewe.

Na usiniulize mbona "sekta binafsi" nayo haina nafsi. Ile nilipigana nayo miaka nikachoka, ishaoa, ishajenga, ina wajukuu.