Usinunue cheti mdogo wangu, hata kama Mheshimiwa wenu alinunua

Kijana mmoja wa pande za Tororo, hapa Uganda, kaniandikia wiki hii: "Mwalimu, mimi nina senior nne tu, yaani kidato cha nne, na nataka kugombea ubunge, kuna mtu wa Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, anasema nilete pesa, senior sita itapatikana. Nifanyeje? Mbona yule tajiri wetu alipita?" Nilicheka, halafu roho ikaniuma, maana hilo swali la mwisho ni langu pia.

Wengi mnajua niliwahi kutafuta ubunge. Nilikuwa mwalimu wa praimari, senior sita nikaisomea jioni, nimekaa dawati moja na vijana niliowafundisha mwenyewe darasa la tano, na nikapasi. Nasema kwa kujivuna na sitaacha.

Mpinzani wangu alikuwa tajiri wa simenti na mabati. Kila msiba yupo na bahasha, kila harambee ya kanisa au msikiti yupo kiti cha mbele. Siku ya mchujo wa chama tukapangwa mistari, watu wanasimama nyuma ya wanayemtaka, na mama mmoja ambaye watoto wake wote nimewafundisha kusoma akanitazama, akatazama chini, akaenda mstari wa simenti. Sikumlaumu. Sawa, nilimlaumu kidogo.

Sasa hizo karatasi zake. Fotokopi niliiona kwa macho yangu: jina la kwenye cheti silo la kwenye kitambulisho, nyuma kumebanwa hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili ati majina yote ni ya mtu mmoja. Na mwaka ule wa mtihani stendi nzima inamkumbuka akikaanga samaki. Sawa, mtu anaweza kukaanga samaki na kusoma, hata mimi nilikuwa kazini, lakini mwalimu aliyemfundisha hayupo, hata mmoja, na mwanafunzi mwenzake hayupo.

Katiba ya 1995 inataka mbunge awe na senior sita au elimu inayolingana nayo, na hapo kwenye "inayolingana" ndipo wenye pesa wanapopenya, maana unaokota diploma mahali halafu unaomba Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, likishauriana na UNEB, baraza la mitihani, likupe barua kwamba inatosha. Bana, kinachokaguliwa ni karatasi, kichwa hakuna anayekiuliza kitu! Na hata kabla ya karatasi kuna ada, mwaka 2015 waliipandisha kutoka shilingi 200,000 hadi milioni 3, mwalimu wa praimari aipate wapi?

Basi ushauri. Kwanza, usinunue. Cha kununua utakiogopa maisha yako yote, kila anayekujua utotoni atakuwa bosi wako. Pili, usinunue, nimerudia makusudi. Kama una haraka ya uongozi anza udiwani wa LC3, baraza la ngazi ya chini ya wilaya, pale hudaiwi cheti, huku unajiandikisha mtihani wa senior sita kama mtahiniwa wa binafsi. Vyeti vyako halisi, majina yafanane na kitambulisho mapema, usingoje wiki ya uteuzi.

Na kama unajua mtu kafoji, sema kwa maandishi. Matokeo yakishatoka kwenye gazeti la serikali kuna siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, na sio lazima uwe mgombea, mpiga kura wa jimbo hilo akileta sahihi za wapiga kura 500 anasikilizwa. Mimi niliangukia kwenye mchujo kwa hiyo njia yangu ilikuwa hiyo tu. Nikazunguka na daftari. Jamani! Watu walewale waliokuwa wananinong'onezea habari za samaki, huyu kakopeshwa simenti hajamaliza kulipa, yule mtoto wake ni taniboi kwenye lori la tajiri, mwingine aliniwekea chai nzuri kabisa halafu akasema kalamu yake haina wino, nikampa yangu, akasema macho. Siku zikaisha.

Leo huyo bwana anaalikwa shuleni kugawa zawadi kwa waliofaulu, na mwalimu mkuu anamwita Mheshimiwa. Ndiyo maana nawaambia vijana wa vijijini, kabla hujamlaani aliyenunua cheti angalia wewe unadaiwa nini naye, lipa deni lake la simenti kwanza, ukishalipa njoo usaini. Sahihi 500 zinatushinda vipi, wakati kwa harusi moja tu tunajaa zaidi ya hao na kadi hatuna?