Kabla ya Kununua Mshipi Mpya, Anza na Mdomo wa Samaki

Kaskazi ikikaribia, maduka ya vifaa vya uvuvi hapa Mombasa hujaa watu wanaobadilisha mishipi. Wengi husimama mbele ya rafu ya nailoni na kuulizia uzi mnene kuliko wote. Wakishaupata, huokota pakiti yoyote ya ndoana iliyo karibu na mkono wa muuzaji, hulipa, huenda zao. Wiki mbili baadaye utawasikia dikoni, pale wanaposhushia samaki, wakisema bahari imekauka. Bahari yetu ina shida zake na sikatai, lakini mara nyingi samaki wapo chini ya chombo na kinachowafukuza ni mshipi wenyewe.

Mimi huanza upande wa pili. Kwanza samaki, na hasa mdomo wake. Kutoka hapo nachagua ndoana. Ndoana ndiyo inayoniambia uzi wa mwisho, yaani kipande kile kinachofungwa ndoana, uwe na unene gani, na uzi huo ndio unaoamua mshipi mkuu. Ukianza na uzi mnene dukani, kila kitu kinachofuata kinalazimika kuufuata, hata pale usipofaa.

Nieleze pia kwa nini nazungumzia mshipi tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, kwa hiyo mawindo tuliyobakiwa nayo sisi watu wa pwani yako majini. Humo nako bunduki ya samaki imekatazwa kisheria, na juya (wavu wa kukokota) na nyavu za nailoni ya uzi mmoja vivyo hivyo. Mshipi wa mkono haumo katika makatazo hayo. Ila ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, hakuna kuvua kwa njia yoyote ile. Eneo la akiba linaloizunguka ndilo linaloruhusu uvuvi wa kienyeji. Kama hujui mpaka unapita wapi, waulize BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, wa diko lako kabla hujatia nanga.

Sasa mdomo. Tasi ana kinywa kidogo ajabu na hudonoa chambo kama kuku anavyodonoa punje, kwa hiyo ndoana kubwa kwake haina maana, atakula chambo chote akuachie chuma. (Ukimpata, mshike kwa uangalifu, miiba yake ina sumu na maumivu yake si mchezo.) Changu ana midomo minene na taya zenye nguvu lakini hafungui kinywa sana, naye anataka ndoana ya wastani yenye chuma kigumu, maana ile laini anainyoosha. Tewa ni kinywa kitupu, humeza windo zima, na ndoana ndogo humpotelea tumboni. Nguru ana meno yanayokata nailoni papo hapo, yeye ana habari yake na nitamfikia.

Namba za ndoana huwachanganya wageni. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Ukifika 1 hesabu inageuka, inakuwa 1/0, 2/0, 3/0, na hapo ukubwa unapanda pamoja na namba. Mimi kwa tasi natumia 10 au 8, kwa changu wa kawaida naanzia 4 hadi 1, kwa tewa sishuki chini ya 5/0. Lakini usinunue kwa namba peke yake. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, na hata ndani ya kampuni moja kama Mustad, namba ile ile kwa umbo tofauti inatoa ndoana ya ukubwa tofauti. Toa moja kwenye pakiti uiangalie. Tazama nafasi iliyopo kati ya ncha na shina. Ukishatia chambo, ncha lazima ibaki wazi na nafasi ya kuingia nyamani ibaki. Kipande kinene cha ngisi kilichojaza ndoana hadi ncha ikafichika ni sadaka kwa samaki.

Ncha ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Iburute polepole bila kukandamiza. Ikiteleza, ni butu hata kama imetoka kiwandani leo. Ikikwama na kuacha mkwaruzo mweupe, hiyo ni ndoana.

Kuhusu umbo, nawashauri watu wengi zaidi wajaribu ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi kuelekea shina. Mzoefu wa ndoana ya kawaida ataiona kama haiwezi kunasa kitu. Inanasa, na mara nyingi inanasa pembeni mwa mdomo badala ya kooni. Samaki mdogo usiyemtaka unamrudisha akiwa mzima. Kasa akiikamata kwa bahati mbaya ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko akimeza ndoana ya kawaida, na kasa wote wanalindwa na sheria. Sharti lake ni moja, ukisikia samaki anakula usiukupue mshipi. Acha akaze mwenyewe, kisha anza kuvuta kwa uzito ule ule bila kulegeza. Ukikupua, unaichomoa.

Tuje kwenye unene, ambapo ndipo pesa nyingi hupotea. Nguvu ya nailoni inafuata eneo la mkato wake. Maana yake, uzi wa milimita 1 una nguvu kama mara nne ya uzi wa nusu milimita, si mara mbili. Uzi wa nusu milimita, kulingana na kiwanda, hubeba takriban kilo 13 hadi 18. Mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi unaoyumba, mkono umelowa, hawezi kuvuta kilo 50 hata akitaka. Kwa hiyo nguvu nyingi unayoinunua katika uzi mnene hutaitumia kamwe, lakini gharama yake utaibeba kila siku. Mkondo unashika uzi mnene na kuukunja kama upinde, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakikimbia pale nje ya mwamba utalazimika kuongeza chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) hadi husikii tena samaki akigusa. Na changu kwenye maji maangavu huuona.

Mdogo wangu wa kwa ami, anayevua upande wa Likoni, aliniletea mshipi wake nimfungie upya. Nilipokuwa nafunga kipande cha mwisho kwa uzi mwembamba kuliko mshipi mkuu alinishika mkono.

"Kaka, hapo si ndipo samaki anapovuta? Mbona unaweka palipo dhaifu?"

Nikamuuliza, "Ndoana ikikwama kwenye mwamba, unataka mshipi ukatike wapi?"

Akanyamaza, kisha akaanza kuuliza bei ya uzi mwembamba.

Chini kwetu ni matumbawe. Ndoana itakwama, leo au kesho. Mshipi wote ukiwa wa unene mmoja, unakatika popote palipochubuka, pengine karibu na mkono wako, na unapoteza mita nyingi, chubwi na ndoana kwa pamoja. Nailoni hiyo inabaki mwambani ikinasa kasa na kukwaruza matumbawe. Kipande cha mwisho kikiwa dhaifu kidogo, unapoteza ndoana tu. Mimi hutumia mshipi mkuu wa milimita 0.7 na kipande cha mwisho cha 0.5 ninapotafuta changu. Kwa tewa nanenepesha vyote viwili, kwa sababu yeye akishakamata anarudi pangoni, na mita mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama utamla.

Kwa nguru weka waya kabla ya ndoana, kipande kifupi tu, na swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka) kati ya waya na uzi ili unaporambaza, yaani unapokokota chambo nyuma ya chombo, mshipi usijisokote. Waya mrefu unaonekana na unaua mwendo wa chambo.

Aina ya uzi si jambo la kukuumiza kichwa. Nailoni ya kawaida inatosha, inanyumbuka kidogo na huo mnyumbuko unameza mshtuko wa samaki. Florokaboni haionekani sana majini na inazama upesi, lakini ni ghali, basi nunua ya kipande cha mwisho tu. Uzi wa kusuka ni mwembamba na una nguvu kubwa, ila kwa mkono mtupu unakata nyama hadi mfupa. Uache kwa wenye fimbo na mashine.

Kama huna hakika mshipi wako unahitaji kubadilishwa, chukua pamba kidogo, ishike kati ya vidole viwili na uvute uzi wote kupitia humo. Kila palipochubuka pataacha nyuzi za pamba. Ukiziona katika mita chache za upande wa ndoana tu, kata hizo ufunge upya. Ukiziona kila mahali, au uzi umepoteza mng'ao na umekuwa kama una unga, jua limeshaumaliza. Nailoni hudhoofika juani, kwa hiyo usiache kibao cha mshipi juu ya paa la banda ukategemea kitakungoja.

Na fundo. Fundo la kawaida la kuzungusha mara moja linaweza kuiba karibu nusu ya nguvu ya uzi ulioulipia. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, zungusha ncha ya uzi mara tano au sita kwenye uzi wenyewe, rudisha ncha hiyo kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, ulowanishe kwa mate kabla ya kukaza, maana msuguano wa nailoni kavu unatoa joto linaloiumiza. Kaza polepole. Kisha vuta kwa nguvu ukiwa nchi kavu. Kama litafunguka, lifunguke hapo.

Ukishaufunga mshipi mpya, unyooshe mita kwa mita kuondoa mikunjo ya kiwandani, kisha uuzungushe kwenye kibao bila kukaza. Usiuzungushe kwenye kiganja unapovua, hata kwa samaki mdogo, kwa sababu hujui ni nani anayekuja nyuma yake. Mshipi wa zamani ukate vipande vifupi uupeleke kwenye taka za nyumbani, usiutupe baharini wala kuuacha mchangani.