Kurejesha diski pacha baada ya moja kufa

Ndugu, umesema diski moja ya RAID 1 (diski mbili zinazohifadhi data ile ile) kwenye seva yako ya Linux imekufa, na /proc/mdstat, faili la hali ya RAID, inaonyesha [U_], yaani moja inafanya kazi na nyingine haipo. Diski iliyobaki ingali hai, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nakili data yako kwenye diski ya nje, kwani usawazishaji, yaani kunakili data yote kwenye diski mpya, utaisoma diski hiyo iliyobaki mwanzo hadi mwisho na, ikiwa nayo imechakaa, inaweza kushindwa katikati ya kazi. Hakiki namba ya utambulisho (serial) ya diski kwa smartctl, programu ya kusoma taarifa za diski, nakusihi, usije ukachomoa iliyo nzima. Diski mpya isiwe ndogo kuliko iliyobaki. Igawe sehemu (partitions) kama ile iliyobaki, iongeze kwa mdadm --add (mdadm ni programu ya kusimamia RAID kwenye Linux), kisha usubiri [UU], yaani zote mbili zinafanya kazi. Sakinisha GRUB, programu inayoanzisha mfumo seva inapowashwa, humo pia, ili seva iweze kuwaka hata ile ya zamani ikifa.