Tirumala: kwa nini watu wanyoe vichwa na kupanga foleni usiku kucha kwa sekunde chache tu?

Ndugu uliyeuliza, swali lako limenigusa. Umesema ulimsindikiza mgonjwa Chennai, wenyeji wakakupeleka Tirupati, ukakuta foleni ndefu, wake kwa waume wamenyoa vipara, halafu kila mmoja anapita mbele ya sanamu kwa sekunde chache na kuhimizwa atoke. Ukauliza: kiroho wanapata nini pale?

Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Tanga, familia yetu ni Wagujarati. Nilifika huko na wazazi wangu baada ya baba kufanyiwa upasuaji wa moyo Chennai. Nitakujibu kama muumini.

Tirupati ni mji ulio chini, katika jimbo la Andhra Pradesh. Hekalu lenyewe liko juu, Tirumala, kwenye vilima saba ambavyo kwa imani yetu ni vichwa saba vya Adishesha, yule nyoka ambaye Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, hupumzika juu yake. Aliyemo hekaluni ni Venkateswara, naye ni Vishnu. Kwetu nyumbani tumezoea kumwita Balaji. Ulichokiita sanamu, sisi tunaamini hakikuchongwa na mkono wa mtu. Alijitokeza mwenyewe katika jiwe.

Sasa, huwezi kuielewa Tirumala bila kujua habari ya deni. Inasimuliwa kwamba Lakshmi, mkewe, alimwacha Vishnu kwa hasira, naye Vishnu akashuka duniani, akaishi ndani ya kichuguu katika vilima hivyo. Baadaye akampenda Padmavathi, binti wa mfalme. Mali ya harusi hakuwa nayo. Akakopa kwa Kubera, mtunza hazina wa miungu, akaahidi kulipa hadi zama hizi tulizomo, Kali Yuga, ziishe. Ndiyo maana mtu anayetumbukiza noti kwenye hundi, kile chombo cha sadaka kilichozungushiwa kitambaa, anajua anamsaidia Mungu wake kulipa.

Mtanzania hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Ukichangia harusi ya mtu, wewe si mgeni tena kwenye shughuli ile, una haki ya kuingia mpaka uani. Mwenye kuzuru Tirumala anaingia kwa hisia hiyo. Kwingine binadamu ndiye mdaiwa wa Mungu siku zote. Hapa Mungu naye amekubali kudaiwa, ili watu wawe na sababu ya kumjia. Mimi sijaona imani inayomsogeza Mungu karibu na mtu kuliko hiyo.

Nywele nazo zina kisa chake. Alipokuwa kichuguuni, Venkateswara alipigwa kichwani na mchungaji, pakabaki pengo lisiloota nywele. Neela Devi, binti wa magandharva, wale waimbaji wa mbinguni, akakata nywele zake na kuziba pengo lile. Tangu hapo, nywele za waumini hutolewa kama sadaka. Jengo la kunyolea linaitwa Kalyanakatta, na uongozi wa hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada, fedha zikarudi kwenye mfuko wa hekalu. Wapo wanaoichukulia hiyo kuwa biashara tupu. Kwa aliyenyolewa, nadhiri yake imekwisha pale wembe ulipopita, yanayofuata hayamhusu.

Mama yangu aliweka nadhiri usiku ule baba alipokuwa chumba cha upasuaji: akitoka mzima, nywele zangu zote ni zako. Nywele zake zilifika kiunoni. Shangazi yangu alipiga simu kutoka Tanga kumsihi akate vishungi vitatu tu, jambo ambalo wanawake wanaruhusiwa kabisa. Mama akamjibu, "Wifi, sikuahidi vishungi."

Na hapa ndipo penye uzito, ndugu yangu. Zamani katika baadhi ya jamii za Kihindu, mwanamke aliyenyolewa kichwa alikuwa mjane. Bibi zetu waliuogopa ule upara kuliko kaburi. Mama aliketi chini mbele ya kinyozi mwanamke, akamwagiwa maji kichwani, nywele zikalowa na kumng'ang'ania shingoni. Wembe ukaanza utosini kuja usoni, mafungu meusi yakawa yanamwangukia mapajani. Alikuwa anatamka "Govinda, Govinda", jina jingine la Vishnu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayehesabu. Alipomaliza akapakwa sandali, ule unga wa mti wa manukato, kichwa kizima, akatoka nje alikokuwa amekaa baba, akamwambia, "Nitazame." Alama ya ujane, akaivaa kwa hiari yake, mumewe yuko hai mbele yake. Unaniuliza alipata nini kiroho? Kile alichokiogopa kuliko vyote alikishika kwa mikono yake, akakitoa kama shukrani. Sijamwona tena mama akiwa na hofu ya aina ile.

Kuhusu kupanda: wengi hupanda kwa miguu kutokea Alipiri, chini ya mlima, ngazi zipatazo 3,550, njia ya kama kilomita tisa, bila viatu. Utawaona wanawake wakiinama kila ngazi na kuipaka manjano na kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, ngazi moja baada ya nyingine mpaka juu. Karibu na mwisho pana mwinuko mkali ambao baadhi huupanda kwa magoti. Mimi nilipanda kwa miguu. Wazazi walikwenda kwa basi. Usidhani aliyekwenda kwa basi amepata pungufu. Baba alikuwa na mshono kifuani, na ule ulikuwa mlima wake tosha.

Tuje kwenye zile sekunde chache. Ni kweli, ukifika ndani watumishi wanasema "jarugandi, jarugandi", songa, songa, na mkono unakugusa bega. Lakini jua mambo mawili. Kwanza, sisi hatwendi kutazama tu, tunakwenda kutazamwa. Macho ya Balaji yamefunikwa karibu yote na alama kubwa nyeupe ya kafuri kwenye paji la uso, na siku ya Alhamisi hupunguzwa ili macho yaonekane. Ukipita mbele yake, umeonwa. Kuonwa na Mungu hakuhitaji saa nzima.

Pili, pale mbele ya chumba cha ndani kabisa pana kizingiti kinachoitwa kwa jina la Kulasekhara. Huyu alikuwa mfalme aliyegeuka mtakatifu wa Vishnu, akamwomba Mungu amfanye chochote katika mlima ule, hata ngazi ya mlangoni, mradi alale pale akiuona uso wake. Mfalme mzima aliomba kuwa jiwe la kukanyagwa, ili tu asiondoke! Ukisimama mbele ya kizingiti hicho baada ya kukesha kwenye foleni, miguu inauma, kichwa hakina unywele, zile sekunde hazipimiki kwa saa. Mimi nilikuwa nimejiandalia maombi marefu, na hata moja halikutoka. Nililia tu, na watu niliowakuta nje walikuwa wanalia vilevile, tajiri na mchuuzi, wote vipara, huwezi kujua yupi ni yupi.

Ukitoka unapewa ladu. Ni ya unga wa dengu, samli, sukari, korosho, zabibu kavu na iliki, na tangu mwaka 2009 jina lake limelindwa kisheria, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuza "ladu ya Tirupati". Hailiwi peke yako. Ni tabaruku, inamegwa na kugawiwa. Mama alibeba za kutosha hadi Tanga, majirani zetu Waislamu na Wakristo wakapata vipande vyao.

Ukirudi Chennai na mgonjwa wako akapata nguvu, mkataka kwenda tena kwa utulivu: asiye Mhindu atatakiwa kutia saini tamko la imani kwa Venkateswara kabla ya kuingia, basi lifikirie hilo mapema na usilisaini kama jambo la kupita tu. Simu haziingii hekaluni. Wanawake wavae sari au shalwar, wanaume dhoti, kile kitambaa cha kufunga kiunoni, au suruali pana ya kienyeji. Anzeni kwa Varaha, yaani Vishnu katika umbo la nguruwe mwitu, mwenye hekalu dogo kando ya bwawa, kwani ndiye aliyempa Balaji ardhi ile kwa sharti kwamba asalimiwe yeye kwanza. Na mkishuka msipitilize Tiruchanur, karibu na Tirupati, kwenye hekalu la Padmavathi. Harusi ile ilikuwa yake pia.