Maombi 74, usaili 2: tafuta kwanza mnyororo unakatikia wapi

Dada aliyeuliza ana stashahada ya uhasibu, usikivu wake ni hafifu, anatumia kifaa cha kusikilizia pamoja na kusoma midomo. Kwa miezi minane ametuma maombi 74. Waajiri kadhaa walimpigia simu wasielewane, usaili kaitwa mara 2, kazi hajapata. Swali lake: je, aache kutaja popote kwamba ana usikivu hafifu?

Dada, swali lako nitalijibu, ila kwenye maelezo yako mwenyewe kuna jambo linalotangulia, nalo ni hizo simu. Afisa rasilimali watu mwenye orodha ya watu 30 wa kuwapigia akikosa kuelewana na mmoja hafanyi uchunguzi, anashuka jina linalofuata. Maana yake CV yako imeshapita mchujo mara kadhaa, na umepotelea kwenye mawasiliano. Hilo linarekebishwa leo. Pale juu kwenye CV, anza na barua pepe, kisha andika: "Njia ya haraka ya kunipata: barua pepe au ujumbe wa maandishi (namba hii hii)." Hudaiwi maelezo ya sababu, wapo wengi wanaopenda kuandikiwa. Rudia sentensi hiyo mwishoni mwa barua ya maombi. Na simu usiyoijua ikiingia usiipokee kwa kubahatisha. Iache ikatike, kisha ndani ya dakika tano tuma ujumbe ulioutunza tayari: "Habari, nimeona simu yako. Mimi ni (jina), niliyeomba nafasi ya (kazi). Naomba uniandikie hapa, nitajibu mara moja."

Kisha fungua jedwali. Safu wima sita zinatosha: tarehe, nafasi, niliipata kwa njia gani, nilipitia kwa nani, jibu la kwanza lilikujaje, niliishia wapi. Jaza hata yale 74 ya zamani kadiri unavyokumbuka. Maombi 20 hadi 25 yaliyolingana na sifa zako yakipita kimya kabisa, shida iko kwenye CV au kwenye aina ya matangazo unayolenga. Ukiitwa mara nne au tano bila ofa, shida iko kwenye usaili au kwenye mazingira ya usaili. Watu wa makundi yanayoachwa nyuma huambiwa "ongeza bidii" kwa ujumla, wakaongeza maombi pale pasipovuja. Mia nyingine hazitasaidia kama uvujaji uko kwenye simu.

Sasa swali lenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la maombi 6,016 ya kubuni, tena ya kazi za uhasibu, fani yako hasa. Sifa zilikuwa nzuri, na ulemavu uliotajwa kwenye baadhi ya barua haukuathiri kazi inayoombwa. Barua zilizotaja ulemavu zilipata mwitikio wa waajiri pungufu kwa asilimia 26. Kwa hiyo kwenye maombi ya kutuma kwa mtu asiyekujua kabisa, hulazimiki kutaja, na kunyamaza si uongo. Taja mapema pale tu panapokufaa: mwajiri ametenga nafasi kwa watu wenye ulemavu, au anaahidi usaili kwa kila mwenye sifa za msingi, au kuna jaribio la sauti kabla ya usaili. Kwa wengine wote, wakati wake ni pale unapoitwa, maana hapo wameshaamua kwamba sifa zako zinafaa.

Pana mtego hapa. Umesema ulikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi viziwi, na ndiyo kazi yako nzito kuliko zote. Ukiifuta, unafuta uzoefu wako, ukiiweka na jina lake kamili, umeshajitaja. Utafiti wa mwaka 2016, wa Marekani pia, ulionyesha waombaji weusi walioondoa dalili za asili yao kwenye CV waliitwa asilimia 25, na walioziacha asilimia 10. Hata waajiri waliotangaza kwamba wanathamini watu wa aina zote hawakuwa na nafuu. Msimamo wangu: kazi ibaki, jina lipungue. Kwa usiyemjua andika "chama cha wanafunzi chuoni", kwa mwajiri uliyefikishwa na mtu andika jina zima. Fomu ikitaka jina la taasisi, jaza la kweli, hapo hakuna kupunguza.

Na mstari wenyewe uandikwe kihasibu. Ulioubandika hapa unasema: "Nilihusika na masuala ya fedha ya chama." Hauna namba, hauna zana, hauna matokeo. Kwa maelezo uliyotoa ungesomeka hivi: "Mweka hazina, chama cha wanafunzi (wanachama 140), miezi 18. Niliandaa taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi kwa Excel, nikaoanisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na hesabu za mwaka zikapita kwa mkaguzi bila hoja." Kama hesabu hazikukaguliwa, kata kipande hicho, kwa sababu usaili wa wahasibu huanzia hapo hapo.

CV yako ina safu mbili na picha. Waajiri wengi wakubwa hupokea maombi kwa programu inayosoma maandishi, na safu mbili huweza kuchanganywa, mstari wa kushoto ukaunganishwa na wa kulia. Vilivyowekwa kwenye kichwa cha ukurasa huweza kurukwa kabisa, na huko ndiko watu huweka anwani. Pima mwenyewe: nakili CV yote, ibandike kwenye faili tupu la maandishi, usome kuanzia juu. Ikisomeka kwa mpangilio, imepona. Picha, dini, hali ya ndoa na umri viondoe isipokuwa vimeombwa, havimwambii mtu kama unajua kufunga hesabu za mwezi.

Ukiitwa, jibu ndani ya siku moja, na hapo ndipo unapotaja. Kosa la kawaida ni kuandika "nina tatizo la kusikia" ukaishia hapo. Msomaji anabaki kukisia gharama, na makisio yake huwa makubwa kuliko hali halisi. Mpe kitu cha kufanya:

"Asante kwa mwaliko, nitafika tarehe 12 saa nne asubuhi. Nina usikivu hafifu na nasoma midomo, kwa hiyo naomba mambo matatu: nikae umbali wa mita moja na nusu hivi kutoka kwa wanaouliza, dirisha lisiwe nyuma yao, na maswali ya hesabu niyapate kwa maandishi. Hayana gharama. Naomba kujua ni nani nimwandikie kuthibitisha."

Dirisha nyuma ya muulizaji hufanya uso kuwa kivuli, na midomo haisomeki. Jopo la watu watano likae nusu duara, aongee mmoja mmoja, anayeuliza ainue mkono kwanza. Maswali ya hesabu yawe kwenye karatasi kwa sababu ya namba: "sita" na "tisa" hufanana sana midomoni, na mhasibu hawezi kubahatisha hapo. Usipopewa karatasi, rudia swali kwa sauti: "Unaniuliza kuhusu tofauti ya laki sita, ni sahihi?" Huo ndio uangalifu wanaoutafuta kwa mhasibu. Betri za akiba za kifaa ziwe mfukoni.

Usaili wa mtandaoni una matatizo yake. Zoom, Teams na Google Meet zote zina manukuu ya moja kwa moja, yaani maneno yanayosemwa huandikwa papo hapo kwenye skrini, lakini hakiki siku mbili kabla kama lugha ya usaili imo kwenye orodha na kama mwenye kikao ameyaruhusu. Picha ikikatakata midomo haisomeki, basi omba kila anayeongea afungue kamera na maswali yabandikwe kwenye sehemu ya ujumbe. Majaribio yenye saa omba marekebisho kabla hujafungua kiungo, ukishakibofya muda unahesabika na mara nyingi hakuna wa kuurudisha.

Kwa wanaotumia lugha ya alama: omba mkalimani mara tu unapoitwa, si siku moja kabla. Usaili unaozidi saa moja kwa kawaida unahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hivi, kwani mmoja akichoka usahihi unashuka na wewe ndiye unayeonekana hujui. Wapelekewe mapema tangazo la kazi, majina ya jopo na istilahi. Mkalimani asiyejua "uchakavu wa mali" ataipoteza maana kwenye swali muhimu kuliko yote.

Swali la "simu utapokeaje?" litakuja, liandalie sentensi tatu na usijitetee. "Mawasiliano na wateja nayafanya kwa barua pepe na ujumbe, yakabaki kwenye kumbukumbu. Vikao natumia manukuu. Simu ya lazima naiunganisha na kifaa changu, na makubaliano ya fedha nayathibitisha kwa maandishi." Kisha rudi kwenye kazi.

Haki ipo pia, na ni vizuri uijue kwa namba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 27, unagusa hadi hatua ya kuajiri, na ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ubaguzi. Ukinyimwa, uliza kwa maandishi sababu ni nini, bila vitisho, na utunze jibu.

Kuhusu koneksheni, mengi yanayosemwa yanakatisha tamaa bure. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alipowauliza waliopata kazi kupitia watu, mwaka 1973 akaandika kwamba karibu asilimia 17 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 56 mara chache, na 28 kwa nadra sana. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua. Andika majina 40 ya watu wa mbali: uliosoma nao wakahamia ofisi nyingine, wakufunzi, wakaguzi waliowahi kupitia hesabu zenu. Tuma ujumbe kwa watano kila wiki, wala usiombe kazi. Omba majibu ya maswali mawili ya maandishi: kitengo chao kinatumia programu gani ya hesabu, na nafasi za ngazi ya chini hutangazwa wapi. Mtu anayejibu hayo ndiye unayemrudia tangazo likitoka, umwombe apeleke CV ndani.

Shirika la Kazi Duniani lina Mtandao wa Biashara na Ulemavu tangu mwaka 2010, na orodha ya kampuni wanachama iko wazi, pamoja na mitandao ya kitaifa. Ipitie utafute waajiri walio karibu nawe, ila uanachama si dhamana. Kipimo bora ni tangazo lenyewe: lina sentensi inayosema mahitaji maalumu yaombwe vipi na kwa nani? Mwandikie huyo mtu swali moja kabla ya kuomba, kisha uone anajibu kwa siku ngapi. Anayetaka malipo ili akuingize kwenye usaili achana naye, hata akisema nafasi ni za walemavu pekee.

Ofa ikija, marekebisho yaingie kwenye barua pepe ya kukubali kabla hujasaini: mezani ukae ukiangalia mlango, vikao viwe na ajenda na muhtasari wa maandishi, king'ora cha moto kiwe na taa. Meneja aliyekuahidi kwa mdomo anaweza kuhamishwa mwezi unaofuata.

Bandika hapa CV uliyoirekebisha, ukifuta jina na namba. Nitaipitia mstari kwa mstari.